Mbofu Aliyechelewa Mizani

Mwezi uliopita nilikwenda sokoni Geita kutafuta furu. Kijana aliyekuwa akikata sangara kwa panga alinitazama, akafuta mikono, akaniuliza kwa adabu, "Bibi, furu ndiyo nini?" Nikamwonyesha kwa kidole: kasamaki ka urefu huu, mgongo wa miiba, wengine weusi, wengine wekundu kama kutu, dume akiwa na buluu ubavuni. Akatikisa kichwa, akanipimia dagaa. Nilichukua dagaa nisimvunje moyo, lakini njia nzima puani mwangu kulikuwa na harufu ya debe: maji ya ziwa yaliyopashwa na jua, bati bovu, na samaki wadogo wanaohangaika humo ndani.

Ninyi wa rika langu mliokulia karibu na maji mnaijua harufu hiyo. Kwa wengi wenu ni harufu ya kitoweo cha watu wasio na nyavu. Kwangu mimi ni harufu ya chambo, na ya siku ile tuliposhindana kuvua samaki kwenye ghuba ya Nungwe, mimi na baba yangu.

Baba alikuwa Mzinza, amezaliwa kandokando ya ziwa, na kabla ya dhahabu kumwita alikuwa mvuvi wa ndoano na mshipi. Mama alikuwa Muha wa Kasulu. Walikutana kwenye kambi ya mgodini, na kwa kuwa hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake, walipendana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakanilea kwa Kiswahili, jambo ambalo watoto wa Nungwe walilicheka sana. Waliniita Nyanzala, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa, lakini njaa yenyewe sikuijua mpaka Baba alipopoteza macho. Baruti moja ilikawia kulipuka. Watu walisubiri, ikanyamaza, Baba akarudi kuiangalia. Hakuna aliyemtuma, ndivyo alivyokuwa, mtu asiyeweza kuacha kitu nusu. Alitoka hospitali amefungwa kitambaa cheupe, na hata kilipofunguliwa Mama aliendelea kumfunga kipande cha kaniki, kwa sababu inzi walipenda machozi yake.

Nyumba ya kambini ni ya mtu mwenye kazi. Tukahamia Nungwe, kwenye kibanda cha udongo ambacho jirani mmoja Msukuma, Mabula, alikuwa akiwekea mbegu za pamba. Mama alikwenda kwenye matete na kapu, akaning'iniza kanga chini ya maji kama chandarua, mimi nikawafukuzia furu kwa miguu. Tulichopata alikibadilisha kwa muhogo, maana samaki peke yake halazi mtu. Kwa hiyo tuliishi ubavuni mwa ziwa tukila ugali wa muhogo na maji ya chumvi.

Nilikuwa na mdogo wangu, Yosia, aliyekuwa bado hajatembea vizuri. Miezi ile alianza kunenepa. Miguu ilijaa, mashavu yakajaa, nywele zikawa laini na nyekundu nyekundu kama za watoto wa wazungu niliowaona kambini. Mimi nilikuwa mbavu tupu, na nilimwonea wivu. Niliamini Mama anampa kitu kizuri nikiwa nimelala. Nilipombonyeza mguu, kidole changu kiliacha shimo, na shimo lilikaa pale likinitazama. Nikadhani hivyo ndivyo unene ulivyo.

Mjomba hakudhani hivyo. Alikuja kutoka Kasulu, akapanda malori ya watu hadi Runzewe na kutoka hapo akaja kwa miguu na lifti za bahati, vumbi limemfika kwenye kope. Alimsalimia Baba vizuri, akanywa maji, akampakata Yosia. Alimshika mguu kama nilivyomshika mimi. Kisha akamrudisha kwa Mama, akatoka nje, akakaa kwenye gogo kwa muda mrefu.

Aliporudi ndani alisema, "Shemeji, sijaja kugombana nawe. Nimekuja kumchukua dada yangu na watoto. Mama yetu ana migomba, ana maharage, ana mbuzi wa maziwa. Huyu mtoto hapa haoni masika."

Baba alikuwa akisokota uzi wa katani juu ya paja lake. Aliendelea kusokota.

"Subiri mashindano yapite," alisema.

Ilikuwa desturi ya wazungu wa mgodini kuja ziwani mara moja kwa mwaka kushindana kuvua. Wao walikuwa na boti za mashine na fimbo zao za kuvulia. Mwaka ule walitangaza kwamba wenyeji nao watashindana kwa upande wao: mtumbwi mmoja watu wawili, ndoano na mshipi tu, marufuku nyavu. Atakayefikisha kwenye mizani samaki mmoja mzito kuliko wote kabla ya honi ya mwisho, atapewa mtumbwi mpya wa mbao. Tulikuwa tumeshauona. Uliletwa kwa lori ukaachwa ufukweni kwenye magogo, umepakwa rangi ya kijani, na sisi watoto tulikwenda kila siku kuugusa na kunusa vidole vyetu.

"Kipofu atashindana vipi, shemeji?" Mjomba aliuliza, na sikusikia dharau katika sauti yake, bali uchovu.

"Samaki haniangalii usoni," Baba akasema. "Tunaonana kwenye mshipi. Nikipata ule mtumbwi, mpiga kasia hakosekani; kila kijana hapa anatafuta chombo. Mimi nitavua. Watoto hawa watakula."

"Na ukishinda kweli?" Mama aliuliza kutoka jikoni. "Ukishinda, tutabaki hapa mpaka lini?"

"Nikishinda, nitaona."

Neno hilo liliniingia mwilini kama maji ya moto. Nitaona. Hakuna aliyeshangaa, hakuna aliyepiga kigelegele, nikafikiri watu wazima walishajua zamani na walinificha. Nilijua kwamba wazungu ndio waliokuwa na dawa, hospitali ilikuwa yao. Sasa wangempa mshindi mtumbwi, na pamoja na mtumbwi, macho. Niliona ni haki kabisa. Tangu hapo nililala nikiomba, na sikuuombea mtumbwi.

Baba alipaswa kwenda na Mabula, lakini Mabula alikuwa na ndugu yake na mtumbwi mzuri. Sisi alituazima ule wake wa zamani, uliozibwa ufa kwa magome na utomvu. Vijana wengine kila mmoja alikuwa na mwenzake. Baba alipotamka jina langu, Mabula alikuna shingo.

"Baba Nyanzala, msichana kwenye mtumbwi ni mkosi. Wazee watanuna."

"Sipeleki msichana," Baba akajibu. "Napeleka macho."

Mama hakupenda. Alinifunga kanga kifuani akalivuta fundo kwa nguvu iliyoniumiza, akamwambia mumewe, "Nimekupa mtoto mzima. Unirudishie mzima." Tulikuwa tumewavua furu pamoja jioni iliyotangulia, mimi naye, na nilikaa nao kwenye debe nikiwabadilishia maji, maana Baba alisema chambo kilichokufa ni takataka: mbofu, yule samaki mkubwa wa masharubu, hali maiti, anataka kitu kinachotetemeka.

Asubuhi ile ufuko ulijaa. Wazungu walikuwa na hema, viti na santuri iliyoimba kwa sauti ya puani. Karani wa mgodini, mtu mwembamba mwenye kofia pana, alikagua kila mtumbwi. Alipofika kwetu alisimama. Alimtazama Baba, akanitazama mimi.

"Huyu ndiye mwenzako?"

"Umesema watu wawili, Bwana Karani," Baba akasema. "Hesabu."

Watu wakacheka, karani naye akatabasamu, akapita.

Honi ilipolia mitumbwi yote ilikimbilia upande mmoja, kwenye maji ya kina karibu na kisiwa. Baba akaniambia tusiwafuate. Aliniuliza maswali, mimi nikajibu. Jiwe linalofanana na ng'ombe aliyelala liko wapi? Kushoto. Mlango wa mto unauona? Ndiyo. Jiwe na ule mti mkavu vimekaribiana? Bado. Sasa? Bado. Sasa? Vimeshikana. "Basi ni hapa," akasema, akaacha kupiga kasia. Alikuwa akiliona ziwa lake la ujanani kupitia kinywa changu, na sijawahi tena kujiona mtu wa maana kama nilivyojiona pale.

Nikampa furu. Alimshika kama mtu anavyoshika yai, akampitisha ndoano mgongoni, chini kidogo ya miiba, ili asife, kisha akamteremsha. Tulikaa. Jua lilipanda. Furu mmoja aliliwa kijanja, mwingine akachoka, wa tatu akarudi nusu. Mshipi ulipita katikati ya vidole vya Baba, na uso wake ulikuwa umeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza maneno ya chumba cha pili.

Kisha mkono wake ukashuka majini mpaka kiwiko.

Sitaweza kueleza vizuri vita vile, kwa sababu sehemu kubwa nilikuwa nimejikunja miguuni pake nimeshika kingo za mtumbwi. Nakumbuka mshipi ukilia dhidi ya mbao. Nakumbuka damu kwenye viganja vya Baba, na yeye akizungumza na kitu kilicho chini kwa Kizinza, kwa upole, kama anayembembeleza ndama. Alimwachia, akamvuta, akamwachia. Nikamwona anapanda: kichwa kipana, bapa, masharubu marefu, tumbo la rangi ya maziwa. Mbofu. Urefu wake ulinipita mimi. Baba alimwingiza mkono kwenye shavu, akalala chali, na samaki akaja juu yake, mtumbwi ukanywa maji pande zote mbili.

Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kambini. Kaniki ilikuwa imemteleza, na macho yake meupe yalikuwa wazi yakielekea juani.

"Baba," nikamwuliza, "umeona?"

"Nimeona, mwanangu!" akasema huku akihema. "Leo nimeona!"

Nikaamini. Nilikaa pale na moyo umejaa, nikimtazama akimfunga samaki kwa kamba na kumfunika kwa gunia lililolowa maji, na kila kitu alichokipapasa nilijiambia kwamba anakigusa kwa furaha tu.

Upepo ulikuja kutoka upande wa kisiwani. Kwanza maji yakabadilika rangi, yakawa kama risasi. Kisha mstari mweupe ukaonekana mbali, ukakimbia kuja kwetu. Mvua ikafuta kisiwa, ikafuta jiwe la ng'ombe, ikafuta mti. Baba alikuwa tayari ameshika kasia. Akapiga kelele juu ya upepo:

"Nyanzala! Nchi kavu iko upande gani?"

Nilimgeukia. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, matone ya mvua yakigonga juu yake, na hayakupepesa.

Hapo ndipo nilipojua. Wimbi lilitubeba na kutuangusha, debe likapinduka, furu waliobaki wakatapakaa miguuni kwangu, na mimi sikuwa nikilia kwa ajili ya wimbi. Alirudia kuuliza. Nikatazama kila upande. Pande zote zilikuwa za kijivu sawasawa. "Sioni, Baba," nikamwambia. "Sioni chochote."

Akasema, kwa sauti ya kawaida kama tuko nyumbani, "Haya. Basi tuko sawa. Chukua kata, uchote maji. Usiache kuchota mpaka nikuambie."

Nikachota. Nilichokitoa kilirudi maradufu. Baba aliuelekeza mtumbwi kwa mgongo wake, akiupokea upepo begani, akituacha tusukumwe lakini tusilazwe ubavu. Mahali fulani katika kelele ile nilisikia honi, moja, ndefu. Baba naye aliisikia. Ilikuwa ya kuonya kwamba muda unakaribia kwisha. Hatukuweza kufanya lolote. Yeye alikuwa na mshindi amemfunika kwa gunia, mimi nilikuwa na kata, na ziwa lilikuwa likitupeleka lilikotaka.

Lilitutupa kwenye mafunjo, upande wa pili wa rasi. Mvua ilikatika ghafla kama ilivyokuja, jua likatoka, ndege wakaanza kuimba bila haya. Baba alipitisha kamba kwenye mashavu ya mbofu, akambeba mgongoni, mkia ukiburuzika nyuma ya visigino vyake. Nikamshika mkono. Tulipita kwenye tope, tukapanda mawe, tukakatiza shamba la mtama la watu. Alianguka mara kwa mara. Kila alipoanguka alimpapasa samaki kwanza. Mbofu alikuwa bado hai, akifumbua na kufumba kinywa karibu na sikio la Baba kama anayemwambia siri, na mimi nilitamani niwe mkubwa, nimbebe yeye na Baba pamoja, niruke. Tulipofika juu ya rasi, honi ya mwisho ililia chini yetu.

Ufukweni palikuwa pameshapungua watu. Hema lilikuwa likikunjwa. Magogo yalikuwepo, mtumbwi wa kijani haukuwepo. Wavuvi wawili wa kisiwani walikuwa wakiuvuta kwa kamba majini, wakiimba. Karani alikuwa amekaa juu ya sanduku akingoja lori, mizani imeegeshwa gotini.

Mama alitoka mbio kutoka kwenye mafunjo. Alikuwa ameloa, sauti imemkauka kwa kuita. Hakumtazama samaki. Alinishika mabega, mikono, kichwa, akanigeuza, akanipiga kofi moja, akanikumbatia. Kisha akamgeukia Baba.

"Ulimpeleka mwanangu akafe."

"Ndiyo," Baba akasema.

Mjomba alikuwa nyuma yake, Yosia begani. Ni yeye aliyemsaidia Baba kumtua samaki. Watu waliobaki wakasogea. Mabula alipiga mluzi, akasema neno kwa Kisukuma. Karani aliinuka bila kuombwa, akatundika mizani kwenye mti wa hema, wakamning'iniza mbofu. Karani alisoma, akavua kofia.

"Amewazidi wote?" Baba akauliza.

"Amewazidi," karani akasema. "Kwa mbali. Lakini Bwana Mkubwa ameshaondoka, Baba Nyanzala, na zawadi imeshatolewa. Honi ni honi. Mimi ni karani tu."

"Najua," Baba akasema. "Asante kwa kumpima."

Nilimvuta Baba shati, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama sasa hawatampa tena macho. Aliinama. Ilichukua muda mpaka akaelewa nilichokuwa nikiuliza, na alipoelewa, aliweka kiganja chake chenye damu juu ya kichwa changu na kukiacha hapo. Hakunieleza. Mpaka anafariki, miaka mingi baadaye, hatukuzungumza tena jambo hilo.

Na niseme hapa yaliyofuata. Yosia aliishi, maziwa ya mbuzi wa Kasulu yalimwokoa, naye ndiye aliyenizidi urefu. Mama alirudi kututembelea mara moja, nilipokuwa nimeshavunja ungo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, tukakaa kila mmoja kwenye kigoda chake kama wageni wawili waliokutana kwa mwenyeji mmoja. Sijamlaumu. Alikuwa na watoto wawili na mume mmoja, na njia ya kuwaokoa wote haikuwepo. Akampeleka mmoja kwenye chakula, akamwachia Baba mwingine. Lakini haya nimeyapanga baadaye, kwa akili ya mtu mzima. Siku ile hakuna aliyeniambia kitu.

Siku ile tulimla mbofu. Majirani walipata vipande vyao, Mabula akapata kichwa, na jua lilikuwa bado halijazama Mama alipotenga chakula mlangoni, penye mwanga. Mjomba alikuwa nje akifunga mzigo kwa kamba. Nikadhani anajiandaa kurudi kwao peke yake. Siku zote Mama ndiye aliyekaa karibu na Baba, akamchambulia samaki, akamsogezea minofu mitupu upande wake wa sahani. Leo aliniita mimi.

"Nawa mikono," alisema. "Kaa hapa pangu."

Nilikaa. Nilijiona mkubwa. Nilifikiri ni heshima ya kwenda ziwani, kwamba sasa nimekuwa mtu wa kupewa kazi za watu wazima, nikainua kidevu ili Yosia anione.

"Usitazame," Mama akasema. "Sikiliza kwa vidole. Minofu inakubali, mwiba unakataa. Huyu ana miiba ya mbavu tu, ni rahisi. Ukipata ningu, mwenye vimiba tele, ndipo kazi ilipo. Yule usimharakishe hata kama Baba ana njaa."

Nikachambua. Vidole vyangu vilikuwa na malengelenge ya kata, na mchuzi uliyachoma. Nilipomaliza kipande cha kwanza nilikisogeza upande wa Baba, kama alivyofanya yeye. Baba alimega ugali, akachovya, akatafuna. Kisha akaacha kutafuna. Akatoa kamwiba kadogo kati ya meno yake, akakashika kati ya kidole gumba na cha shahada, akakazungusha.

"Mama Nyanzala," alisema taratibu, "leo hukuchambua wewe."

Mama alinisogezea kipande kingine, akanishika kidole, akakirudisha pale nilipoukosa mwiba.